Mkate Usio na Alama

Bi Yamna aliweza kukutambua kwa mkate wako kabla hajakuona uso. Kwa miaka ishirini na sita alichoma mikate ya mtaa wetu wa juu, mjini Taza, katika tanuri aliloachiwa na marehemu mumewe. Kila asubuhi nyumba zaidi ya sitini zilimletea unga uliokandwa, ukaviringwa na kulazwa juu ya ubao, umefunikwa kitambaa. Kila nyumba ilikuwa na alama yake ili mikate isichanganyike. Kwa fundi viatu walitoboa matundu matatu kwa uma. Kwa Zineb walibonyeza kidole gumba katikati. Mama yangu alichora mstari mmoja uliopinda kama nyusi, na mpaka leo nikiona mkate usio na mstari huo najihisi niko kwa watu.

Bi Yamna mwenyewe alizidharau alama.

"Alama ni za wageni," alikuwa akisema huku akiingiza beleshi lake refu la mbao motoni. "Mimi natazama mkono. Huyu kakanda huku anagombana na mumewe. Huyu kakanda na simu sikioni. Na huyu, hebu tazama, huyu hakukanda kabisa, aliupapasa tu."

Mwenye ubao alicheka na kukana, na wote tuliokuwa foleni tulijua kwamba Bi Yamna amesema kweli.

Kwetu mwanamke aliyejifungua hakandi unga mpaka arubaini iishe. Majirani humkandia kwa zamu, humpelekea kuku wa uwatu na dengu, humfulia, humwogeshea mtoto. Siku ya arobaini huenda kuoga hamamu na kupakwa hina, na kesho yake mkate wenye alama ya nyumba yake huonekana tena tanurini. Bi Yamna huuinua ubao juu ya kichwa, hutaja jina la mzazi, na wanawake waliopo hupiga vigelegele. Mkate umetoka, mzazi amepona. Baada ya hapo kila mtu hurudi kwenye shughuli zake na hakuna anayebisha tena mlango ule.

Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Bahija.

Bahija alikuwa mke wa Jilali, dereva wa lori la zeituni ambaye kwa wiki alilala nyumbani siku mbili tu. Aliishi na mama mkwe wake, Bi Keltum, mjane mwenye umri wa miaka sitini na nane, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na kitambaa cha kichwa kilichokunjamana. Mwishoni mwa majira ya baridi Bahija alimzaa binti, akaitwa Nuhaila. Siku ya arobaini na moja ubao wa nyumba hiyo ulifika tanurini na mikate minne, kila mmoja una mistari mitano iliyotawanyika kama miale ya jua. Hiyo ndiyo alama aliyokuja nayo Bahija alipoolewa. Bi Yamna aliuinua ubao. Tukapiga vigelegele, mimi nikiwamo. Kisha tukaacha kwenda.

Wakati huo tayari kulikuwa na kikundi cha akina mama. Nesi Wafae wa kituo cha afya alikianzisha mwaka mmoja kabla, kwa ajili ya wenye watoto walio chini ya miaka miwili. Kilikutana kila Jumatano alasiri, nyuma ya tanuri, kwa sababu ukuta ule hubaki na joto mpaka jioni na watoto hulala vizuri wakiuegemea. Mimi, niliyefika chuo na kumsaidia Bi Yamna tanurini, niliandika mahudhurio. Bi Yamna hakujua kusoma, lakini Wafae alimfundisha maswali manne na aliyashika kwa kichwa: Unalala mtoto anapolala? Chakula kina ladha mdomoni? Unaongea na mtoto? Kuna siku unatamani asubuhi isifike? Swali la nne aliliuliza akitazama moto, si uso wa mtu, na nadhani ndiyo sababu wengi walimjibu.

Bahija hakuja hata Jumatano moja. Tukimuuliza Bi Keltum, jibu lilikuwa tayari.

"Mkwe wangu ana kazi nyingi. Kwani mkate wake hamuuoni kila siku?"

Tuliuona. Hilo lilitutosha.

Siku za Ijumaa, kwa desturi ya mtaa, nyumba mbalimbali hupokezana kumwachia Bi Yamna mkate mmoja wa chakula chake. Ijumaa moja ya mwishoni mwa Mei ilikuwa zamu ya nyumba ya Bahija. Bi Yamna aliumega mkate wa miale ya jua, akautia mdomoni, akaacha kutafuna. Ulikuwa na habasoda, kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu mwishoni mwa ulimi. Mtaani kwetu ni mtu mmoja tu anayetia habasoda kwenye unga wa kila siku. Aliugeuza mkate akautazama ukingo wake kwa chini. Alama za vidole vilivyoukunja zilikuwa tatu tu. Bi Keltum alivunjika vidole viwili vya mkono wa kulia zamani, akiwa bado msichana, na havikunjiki.

Niliingia kumletea maji nikamkuta ameketi juu ya gunia la kuni.

"Nimesoma alama," aliniambia. "Miaka yote hii nawacheka wanaosoma alama, na mimi nimesoma alama. Nikainua ubao, nikawaambia watu amepona, wakaacha kwenda. Chukua shali yako twende."

Bi Keltum alifungua mlango nusu.

"Karibu, Bi Yamna. Tanuri limezimika?"

"Tanuri lipo. Nimekuja kumwona mzazi."

"Mzazi gani? Mtoto ana miezi mitatu na nusu. Umechelewa na kuku wako."

"Nimechelewa kweli," alisema Bi Yamna, na kwa kuwa ni mwanamke mpana, aliposogea mbele mlango ulifunguka wenyewe.

Bahija alikuwa ameketi juu ya godoro la ukutani, mikono juu ya magoti, anautazama ukuta wa mbele ambao haukuwa na kitu. Alitusalimu kwa adabu, halafu akaurudia ukuta. Nuhaila alilala juu ya ngozi ya kondoo, safi, ameshiba, ananukia maji ya waridi. Hakulia. Hakumtafuta mtu kwa macho. Bi Yamna alipiga makofi mepesi, na macho ya mtoto yakageuka polepole upande wa sauti, kisha yakarudi yalipokuwa.

"Mtoto mtulivu," alisema Bi Keltum. "Ni neema. Baba yake alipokuwa mchanga alilia mchana na usiku."

"Masikio yanasikia," alijibu Bi Yamna. "Keltum, huyu si mtulivu. Huyu ameita akachoka."

Wafae alikuwa ametufundisha jambo hili, nami nilikuwa nimelisoma pia chuoni, lakini hapo ndipo nilipolielewa. Mtoto mchanga huita kwa jicho, kwa sauti ndogo, kwa mguu. Akijibiwa, huita tena, na katika kuitana huko ndimo akili yake inamokua. Asipojibiwa kwa muda mrefu huacha kuita, na watu wazima humsifu kwa utulivu.

Bi Keltum aliketi chini. Nilidhani atagomba, lakini alizungumza kama mtu anayetua mzigo.

"Ulitaka nifanye nini? Nakanda mimi, nafua mimi, namwogesha mimi. Naweka alama yake kwenye mkate ili mtaa usiseme mke wa mwanangu amerukwa na akili. Mgongo wangu umekwisha. Ijumaa baada ya hii ijayo Shadia anakuja kutoka Meknes kumchukua mtoto. Ameolewa miaka tisa hana kitu. Jilali amekubali."

"Na mama yake?"

"Huyo hapo, muulize."

Bahija hakungoja kuulizwa. "Bora aende," alisema bila kuondoa macho ukutani. "Kule kuna mtu."

Shadia alikuwa binti wa Bi Keltum, wifi yake Bahija, na sote tulijua kwamba mtoto akishapelekwa kwa shangazi asiye na mtoto, harudi. Atakuja wakati wa sikukuu na viatu vipya, na atamwita mama yake kwa jina.

Bi Yamna alisema, "Nipe hizi wiki mbili zilizobaki."

"Wiki mbili utafanya nini? Utamtia tanurini aumuke?"

"Nikiona inafaa. Lakini kwanza, kuanzia kesho, mkate wa nyumba hii uje bila alama."

Bi Keltum aliinuka. "Hapana. Mkate bila alama ni mkate wa watu wasio na kwao."

"Basi ulete na alama yake, na mimi nitaifuta kwa kiganja changu mbele ya foleni nzima. Unanijua."

Bi Keltum akaketi tena. Wamefahamiana tangu wasichana, na nadhani Bi Keltum alikumbuka mambo kadhaa ambayo Bi Yamna aliwahi kuahidi akayatimiza.

Asubuhi iliyofuata ubao ulifika na mikate minne laini kama mashavu. Zineb, mama wa watoto watano na mdomo wa watu kumi, aliuona kwanza.

"Huu wa nani tena? Nyumba gani imesahau jina lake?"

"Ni wa Bahija," alisema Bi Yamna, akitoa sauti ile ile aliyoitumia siku ya vigelegele. "Mimi niliwaambia amepona. Nilikosea. Arubaini yake haijaisha."

Kwenye foleni wengine walitazama chini. Kisha Zineb akahamisha ubao wake kutoka bega moja hadi jingine.

"Jumatatu nakanda mimi," alisema. "Na mwambieni Keltum sitii habasoda. Inanipa kiungulia."

Siku hiyo hiyo wanawake wanne walikwenda. Jambo la kwanza walilofanya ni lile linalofanywa na kila mwenye huruma: walikimbilia mtoto. Mmoja alimbeba, wa pili akanyoosha mikono, wa tatu akataka kwenda naye kwake ili mama apumzike. Bi Yamna aliyekuwa nyuma yao alimchukua mtoto akamrudisha mapajani kwa Bahija.

"Shikeni sufuria," alisema. "Shikeni ufagio. Zineb, wako watano hawakukutosha? Mtoto ana mwenyewe."

"Lakini mama amechoka, Bi Yamna."

"Ndiyo. Kwa hiyo mwondoleeni kazi. Msimwondolee mtoto."

Nesi Wafae alikuja siku ya pili akauliza maswali manne. La nne Bahija hakulijibu, na Wafae alihesabu kimya kile kuwa jibu. Jumanne alikwenda naye kwa daktari, akamngoja, akarudi naye. Daktari alisema kwamba ni ugonjwa unaowapata wazazi wengi, una jina na una tiba, akampa dawa isiyodhuru maziwa na tarehe ya kurudi. Njiani, karibu na soko la mboga, Bahija alisimama.

"Kwa hiyo si ubaya wangu?" aliuliza.

"Ungeugua homa ya matumbo ungejiita mbaya?" Wafae alimuuliza.

Bahija alifikiri. "Hapana. Ningejilaza."

"Basi."

Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na Shadia alikuwa njiani. Bi Yamna aliamua kumleta Bahija tanurini kila asubuhi. Hakumpa kazi. Alimweka kwenye kiti kifupi karibu na rafu ya mbao, Nuhaila mapajani akimwelekea usoni.

"Ongea naye," alimwambia.

"Nitamwambia nini? Sina neno hata moja, Bi Yamna. Ndani ni kama chumba kilichohamwa."

Bi Yamna alitazama huku na huku. Rafu ilikuwa imejaa mikate inayongoja moto.

"Msomee mikate," alisema.

"Nini?"

"Msomee. Maneno si yako, ni ya mikate. Wewe yataje tu. Huu wa nani?"

Bahija aliutazama. "Wa fundi viatu."

"Mwambie yeye. Mimi nimeshajua."

Akamwambia mtoto, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti: "Huu wa fundi viatu. Una matundu matatu." Akahamia uliofuata. "Huu wa Zineb. Una kidole." Siku ya kwanza alitaja mikate sita, akalia, akarudi nyumbani. Siku ya pili kumi na mmoja. Siku ya nne alifikia mkate wa nyumba moja ya pembeni ya msikiti, ambao siku zote huja umepinda, na akasema, "Na huu, binti yangu, huu umekanyagwa na ngamia." Foleni nzima iliangua kicheko. Bahija alishtuka, kisha pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo. Nuhaila alikuwa anautazama mdomo huo. Nililiona hilo kwa macho yangu na nikaliandika kwenye daftari la Jumatano, ingawa haikuwa Jumatano.

Siku ya nane lilitokea jambo ambalo hata Bi Yamna hakulitarajia. Mbao tatu zilifika bila alama. Moja ilikuwa ya Bahija. Ya pili ilitoka kwa bibi harusi wa mwaka jana aliyejifungua pacha. Ya tatu ilikuwa ya mke wa fundi viatu, ambaye mwanawe alikuwa na mwaka mmoja na nusu, tayari anakimbiza paka.

"Wewe mkate wako umetoka zamani," Zineb alimwambia. "Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele."

"Nilikushukuru kwa vigelegele," alijibu mke wa fundi viatu, "kisha nikarudi ndani nikajifungia."

Hakuna aliyemcheka. Bi Yamna alizipanga mbao tatu kwenye rafu.

"Sasa mnanijaribu macho," alisema. Lakini mchana mikate ilipotoka, kila mmoja ulikwenda kwao bila kosa, na zamu za kukanda zikaongezwa nyumba mbili.

Ijumaa ilifika, na Shadia akafika nayo, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na sanduku jipya la nguo za mtoto. Nyumbani hakumkuta Bahija. Bi Keltum alimleta tanurini. Bahija alipowaona alimvuta Nuhaila kifuani, lakini alimkabidhi alipoombwa, kwa sababu mgeni wa mbali hakataliwi kumpakata mtoto.

Shadia alimkumbatia mtoto. Alimnusa shingoni. Nilimwonea huruma, na hata sasa naandika kwa kumwonea huruma, kwa maana hakuwa mwizi. Alikuwa ameahidiwa.

Bahija alibaki na mikono mitupu. Akaugeukia ule ubao wa mikate uliokuwa karibu naye, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akafanya alilokuwa akilifanya kwa siku kumi.

"Huu wa fundi viatu," alisema taratibu. "Hauna matundu siku hizi."

Kichwa cha Nuhaila kiligeuka begani kwa Shadia.

"Huu wa Zineb. Una kidole."

Mtoto alitoa sauti, kitu kama maji yanayotoka kwenye chupa. Bahija aliinua uso. "Eeh, kidole," alimjibu. Sauti ikatoka tena, kubwa zaidi, na miguu miwili ikampiga Shadia kifuani. "Naam, kikubwa," alisema Bahija. Waliendelea hivyo, mmoja akiita na mwingine akiitika, mpaka Bi Yamna akaacha kugeuza beleshi, jambo ambalo hulifanya mara chache sana moto ukiwa juu.

"Mama," Shadia alimwambia Bi Keltum, "uliniambia hawa hawajuani."

Bi Keltum alikuwa anakiangalia kichwa cha mjukuu wake.

Bahija alisimama. "Wifi Shadia, ungekuja wiki mbili zilizopita ningekupa na ningekushukuru. Leo siwezi. Bado naumwa. Nahitaji mtu wa kunisaidia. Lakini mtoto siwezi kukupa."

Shadia alimpakata mtoto muda kidogo zaidi. Kisha akamtia mikononi mwa Bahija, akatoka nje, akasimama kwenye jua kali bila shali. Bi Yamna alimfuata na kipande cha mkate wa moto wenye mafuta ya zeituni, wakazungumza. Sikusikia walichosema. Ninachojua ni kwamba Shadia alikaa kwetu siku kumi, akafua kila kilichofulika, akawa anafika tanurini kila asubuhi na kumsikiliza Bahija akisoma mikate. Sanduku la nguo aliliacha. Anakuja bado, kila miezi miwili, na Nuhaila humwita shangazi.

Jilali alirudi safari Jumapili akaelezwa. Alisema yeye aliafiki kwa sababu aliambiwa hakuna njia nyingine. Mama yake alimwambia sasa ipo, achote maji.

Mkate wa Bahija uliendelea kuja bila alama majira yote ya joto. Mwishoni mwa Septemba, Nuhaila akiwa ameanza kukaa mwenyewe na kugonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, Bahija alifika tanurini na ubao begani na mtoto mgongoni. Aliutua mbele ya Bi Yamna akafunua kitambaa. Mikate minne, kila mmoja una miale mitano ya jua.

Foleni ilimtazama Bi Yamna. Zineb alikwisha kupanua mdomo kwa vigelegele.

Bi Yamna hakuuinua ubao. Aliugeuza mkate mmoja, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, akahesabu vidole vilivyoukunja. Vilikuwa vitano. Akamega kipande kidogo cha unga mbichi, akakionja, akautia mkate motoni pamoja na mingine.

"Hunitaji jina?" aliuliza Bahija. "Nimekanda mwenyewe."

"Nimeona. Chumvi imezidi."

"Basi nimepona, Bi Yamna."

"Hilo atalisema daktari, na utalisema wewe," alijibu Bi Yamna, macho yake kwenye moto. "Kesho Zineb anakuja kwako kama kawaida. Keshokutwa nakuja mimi. Mpe mama yako mkwe salamu, na huyo mtoto mweke hapa kitini. Rafu imejaa na hajasomewa hata mmoja."